Malaria hakuna, oksijeni 98, na bibi haamki: kisa cha chumba kimoja Uyole

Hiki kisa kimezungumzwa sana na mafundi wenzangu, manesi, na vijana wa chuo wanaochezea Arduino, zile bodi ndogo za elektroniki unazoziandikia programu, na swali linalorudi kila mara ni kosa lilikuwa la nani. Mi naona swali lenyewe limekaa vibaya, maana vifaa vyote vilivyotumika siku ile vilikuwa vizima, kila kimoja kilijibu vizuri kabisa kile kilichotengenezwa kukijibu, ila hamna hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya kilichokuwa kinawaua wale watu, gesi ya kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa. Kazi yangu ni ufundi wa vifaa tiba hapa Mbeya kwa hiyo ntaegemea upande wa vifaa, upande wa dawa nawaachia wenyewe.

Nyumba iko Uyole, vyumba viwili vya kupanga, mwezi wa saba. Anayeijua Uyole ya mwezi wa saba haina haja ya kuelezwa, joto usiku linaenda chini ya nyuzi 10 na upepo juu, wenzetu wa Makete na Kitulo ndo usiseme, wao wanaamka barafu iko kwenye nyasi. Ndani kuna mama, watoto wawili, na mama mkwe wake kaja kutoka Rungwe kutibiwa mguu. Baba ni dereva wa lori, yuko njiani Tunduma huko. Wanapikia barazani kwa jiko la mkaa, wakishakula, mkaa umekolea wote mwekundu, moshi hamna kabisa, jiko linabebwa linaingizwa chumbani wanakolala bibi na wajukuu ili wapate joto, na usiku huo mama naye alilala hukohuko. Dirisha lina vioo viwili vimevunjika, vimezibwa na boksi na nailoni. Chini ya mlango limesokomezwa tambara. Pembeni ya jiko kuna boksi lingine la tetea na vifaranga wake, nao wasife na baridi.

Hapo kwenye "moshi hamna" ndo penyewe, na wanaoamini hivyo sio wasiosoma peke yao, nimemsikia hadi mwalimu wa sekondari akisema subiri moshi uishe ndo uingize ndani. Sumu sio moshi. Mkaa ukiwa mwekundu hewa inaingia kwa chini, kaboni inaungua inakuwa kaboni daioksaidi, sasa hiyo gesi ikipanda kupita kwenye mkaa wa moto ulioko juu yake inakutana na kaboni nyingine isiyo na oksijeni ya kutosha, molekuli moja ya daioksaidi na kaboni moja ya mkaa vinageuka kuwa molekuli mbili za kaboni monoksaidi. Vile vimiali vya bluu vinavyochezacheza juu ya mkaa ukizima taa ni hiyo monoksaidi inaungua ikikutana na hewa. Vikizimika usifurahi, gesi bado inatoka, ila sasa inatoka bila kuungua. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo, na mkaa ukiwa umefunikwa na majivu na unaonekana kama umelala bado unaitoa tu.

Asubuhi ya kwanza vifaranga wote wamekufa. Tetea yuko hai ila kalegea shingo. Mama akasema kideri hicho, kimeshaingia mtaani, akawatupa. Mtoto mdogo kaamka anatapika na kichwa kinamgonga, mkubwa wa miaka 9 anadai magoti hayana nguvu, mama mwenyewe anaona kizunguzungu, na bibi kaamshwa kwa shida, akiongea maneno hayaungani. Wakaita bajaji wakaenda kituo cha afya, jina sitaji kwa sababu nakubali kabisa kwamba kwingine kokote wangejibiwa hivyohivyo.

Nesi alifanya kazi yake vizuri, hilo nalisema wazi. "Shikamoo bibi, jana usiku mlikula nini?" Bibi anajibu marahaba halafu ananyamaza, mama ndo anajibia, maharage yaliyolala. Joto la mwili kawaida wote. Kipimo cha haraka cha malaria, mstari mmoja, hasi wote. Sukari ya bibi iko sawa. Kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni, bibi 98, mtoto 97, mama 98. Ukiwa na karatasi ya namba kama hizo na maharage yaliyolala mezani utaandika nini? Aliandika chakula kimewadhuru, wakapewa chumvichumvi za kurudisha maji, panado, na dawa ya kuzuia kutapika. Wakakaa kwenye benchi nje wakinywa ORS hadi mchana, na kila saa walikuwa wanapata nafuu, kwa hiyo dawa zikapewa sifa. Jioni wamerudi nyumbani, baridi ileile, jiko lilelile.

Ngoja nisimame kwenye vile vipimo kimoja kimoja maana ndo msingi wa kisa.

Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini inayoitwa HRP2 ambayo kimelea cha malaria aina ya falsiparum huwa kinaimwaga kwenye damu. Kwenye ule ukanda kuna kingamwili zinazoikamata na chembe za rangi zinazouonesha mstari. Hasi yake ilikuwa hasi ya kweli. Kipimo cha sukari kina kimeng'enya kwenye ukanda, kinaichukua sukari na kuigeuza kuwa mkondo mdogo wa umeme kwenye elektrodi, wazo lililoanzia kwa Leland Clark na mwenzake Lyons huko Marekani mwaka 1962. Shika huo mwaka kichwani, ntaurudia. Sukari ilikuwa sawa kwa sababu sukari ilikuwa sawa.

Ugomvi uko kwenye oksimita, kile kifaa cha kubana kidole. Wazo lake alilitoa Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974 na ni zuri mno, taa mbili upande mmoja wa kidole, moja nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 660 na nyingine ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya 940 hivi, upande wa pili kuna kipokea mwanga. Hemoglobini, yani kile kibeba oksijeni cha kwenye damu, ikiwa imebeba oksijeni inapitisha nyekundu kwa wingi, isiyobeba inaimeza, kifaa kinaangalia uwiano wa taa hizo mbili kwenye kila pigo la mshipa kinakupa asilimia. Sasa hemoglobini iliyobeba monoksaidi, kwenye ile nyekundu ya 660, inafanana karibu sawasawa na iliyobeba oksijeni, na kwenye infraredi haimezi kitu cha maana. Kifaa chenye taa mbili hakina namna ya kuzitofautisha. Ni kama konda wa Coaster anayehesabu viti vilivyokaliwa bila kujua nani kalipa nauli, gari limejaa, hela hamna. Monoksaidi inaing'ang'ania hemoglobini mara 200 hadi 250 zaidi ya oksijeni, kwa hiyo kwenye chumba kilichozibwa haihitaji kuwa nyingi ndo ikae kwenye viti, halafu hata ile hemoglobini iliyobaki na oksijeni inakuwa ngumu kuiachia ikifika kwenye ubongo na moyo. Bibi anaweza kuwa robo ya damu yake haifanyi kazi na kidole kinasoma 98.

Nilishawahi kufungua oksimita nyingi sana za hivyo, betri, waya wa kidoleni, kioo, na sijaona hata moja yenye maandishi kwenye boksi kwa lugha ya mtu wa kawaida kwamba hii haioni monoksaidi. Kwenye kitabu cha maelezo ipo, ukurasa wa katikati, herufi ndogo. Nani anakisoma kile kitabu?

Usiku wa pili ndo ukawa mbaya. Chumba cha jirani anakaa kijana anayesoma elektroniki, saa tisa usiku akasikia kishindo, mama alikuwa kajaribu kuamka kwenda chooni akaanguka na ndoo. Akagonga, kimya, akapiga mlango teke. Anasema hewa ya mle ndani ilikuwa ya kawaida tu, haina harufu ya chochote, na hilo ndo linalomtisha hadi leo. Akafungua kila kitu akawavuta nje kwenye baridi, wakapata gari wakakimbilia hospitali nyingine.

Pale wakamkuta daktari mtu mzima. Oksimita ileile ya kidole, namba zilezile nzuri. Hakuiangalia mara mbili. "Mama, mnalala wangapi humo ndani? Na wote mmeumwa usiku mmoja? Jana mlipokaa nje mlipata nafuu?" Wanne, na hayo mengine yote ndiyo. "Kuna mnyama au kuku analala humo?" Kijana ndo akajibu, vifaranga wamekufa jana asubuhi daktari. Basi, yule mzee hakusubiri kipimo chochote, akawafunga maski za oksijeni zile zenye mfuko, zikafunguliwa hadi mwisho.

Vifaranga wale walikuwa ndo kipimo pekee cha gesi kilichokuwepo ndani ya chumba, na kilifanya kazi. Mskoti John Scott Haldane miaka ya 1890 alipendekeza wachimba makaa ya mawe washuke na viumbe wadogo kwa sababu hiyohiyo, kiumbe mdogo anapumua haraka kwa uzito wake, anazidiwa kabla ya mtu. Ndege kanari walikaa kwenye migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986 walipoanza kuondolewa na mashine zikachukua nafasi. Na huku kwetu, wafugaji wangapi wanapoteza vifaranga kwenye banda lililowekewa jiko la mkaa wanasema kideri?

Kwa nini oksijeni, na kwa nini mchana ule kwenye benchi walipona wenyewe? Mtu akipumua hewa ya kawaida, monoksaidi kwenye damu inapungua nusu kila baada ya saa 4 hadi 6 hivi. Kwa maski ya oksijeni tupu inapungua nusu kwa saa moja hadi moja na nusu. Kwa hiyo kadri unavyochelewa kupima ndivyo ushahidi unavyoyeyuka, hata ukiwa na mashine bora kuliko zote. Mashine yenyewe ipo, ile ya kupima gesi za damu yenye mawimbi mengi ya mwanga badala ya mawili, na tangu 2005 zipo hata za kidoleni zenye mawimbi mengi, ila sio kitu utakachokikuta kwenye zahanati. Kuna wanaosubiri kuona ngozi imegeuka nyekundu kama vitabu vinavyosema, aisee, hiyo kwa mgonjwa aliye hai ni nadra kuiona, kwa ngozi zetu ndo kabisa.

Watoto na mama walitoka siku iliyofuata. Bibi alipelekwa rufaa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, halafu wiki kadhaa baadaye akaanza kusahau, anaweka sufuria anasahau, anamwita mjukuu kwa jina la baba yake. Hii nayo inajulikana, ubongo unaweza kuonesha madhara siku nyingi baada ya mtu kuonekana kapona, na kama hukuandikiwa kwenye cheti kwamba ulikuwa ni monoksaidi basi utaambiwa ni uzee.

Sasa tuje kwa kijana, maana hapa ndo mi nilipoingia. Kaagiza Kariakoo kihisi kinaitwa MQ-7, kikaja kwenye bahasha na basi la usiku, kakiunganisha na Arduino na kengele, kakiweka kwenye boksi la sabuni, kakitundika kwa bibi. Roho nzuri kabisa. Akaniita nikikague kwa sababu kilikuwa kinalia ovyo, na kilicholeta vurugu zaidi ni mgeni aliyefika kutoka Iringa na dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi, alipofungua kifuniko tu kengele ikapiga nyumba nzima ikakimbilia nje.

Ndani ya MQ-7 kuna chembechembe za oksaidi ya bati zilizopashwa moto na hita ndogo. Zikiwa za moto, oksijeni ya hewani inajibandika juu yake na kunyang'anya elektroni, umeme unapita kwa shida. Ikija gesi inayopenda oksijeni, kama monoksaidi, inaila ile oksijeni iliyobandikwa, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka, hapo ndo unasoma. Naoyoshi Taguchi wa Japani aliombea hataza ya kihisi cha aina hii mwaka 1962, mwaka uleule wa Clark na sukari yake, yani kengele ya gesi jikoni na kipimo cha sukari kidoleni ni watu wa rika moja. Shida ni kwamba monoksaidi haiko peke yake katika kupenda oksijeni. Haidrojeni nayo, mvuke wa pombe nao, gesi ya mtungi nayo, na unyevunyevu wa sufuria la maharage unavuruga kivyake.

Waliotengeneza MQ-7 wanajua hilo, ndo maana wakasema hita ipewe volti 5 kwa sekunde 60, hapo inachoma uchafu wote na gesi nyingine zilizojibandika, halafu ishushwe hadi volti 1.4 kwa sekunde 90, na namba isomwe kwenye ule muda wa ubaridi tu, maana kwenye joto dogo ndo kinaitambua monoksaidi kuliko wengine. Kijana alikuwa kaipa volti 5 moja kwa moja, muda wote, kama video aliyoiangalia ilivyofanya. Kwa hiyo alichotundika kwa bibi kilikuwa kinanusa kila kitu, ulanzi ukiwemo, na ile gesi aliyokuwa anaitafuta ndo kikawa kinaiona kwa udhaifu. Pini ya Arduino yenyewe haiwezi kuilisha ile hita, inakula kama miliampia 150 kwenye volti 5, lazima uweke transista, yani swichi ndogo ya kielektroniki. Na kabla ya kuiamini unatakiwa uiache imewashwa saa 48, yeye aliitundika jioni ileile aliyomaliza kuchomea.

Kilichoniudhi zaidi, na sio yeye aliyeniudhi, ni programu aliyoikopi mtandaoni. Ina mstari mmoja unaopima ukinzani kwenye hewa safi na kuuita R0, halafu inatumia grafu ya kiwandani kugeuza kuwa ppm, yani sehemu ngapi katika milioni. Ila kwenye karatasi ya maelezo ya MQ-7, R0 ni ukinzani wakati kuna monoksaidi ya ppm 100, sio hewa safi. Kwa hiyo kile kioo kidogo kilichokuwa kinaandika namba nzuri zenye desimali mbili kilikuwa kinaandika uongo wenye desimali mbili. Programu ya hivyo imekopiwa na watu wangapi, na wangapi wamelala nayo chumbani?

Tukaazima mita ya maana, ile yenye seli ya kielektrokemia, tukaviweka pamoja kwenye jiko la nje la uani lenye mlango, mkaa umekolea, sisi tuko nje tunachungulia kwenye kioo kidogo cha dirisha. Ile mita ilianza kupanda mapema, haina haraka ila haisiti, ikavuka 100, ikavuka 200, maharage hata hayajachemka. Kiboksi cha kijana kilikuwa kinacheza, kinapanda mvuke wa sufuria ukija, kinashuka mlango ukipata upenyo, kengele haijalia. Kijana kaangalia muda mrefu bila kusema kitu halafu akasema, "Kaka, hiki ningekiuza."

Seli ya kielektrokemia ni kitu kingine kabisa. Gesi inapenya kwenye tundu dogo na utando, inafika kwenye elektrodi, pale monoksaidi pamoja na maji inageuka kuwa kaboni daioksaidi na kuachia elektroni mbili, upande wa pili oksijeni inazipokea. Mkondo unaotoka ni wa nanoampia tu kwa kila ppm, lakini unaenda sambamba na wingi wa gesi, ukizidi mara mbili na mkondo unazidi mara mbili, na hauhitaji hita. Ndo maana alamu ya dukani inakaa na betri miaka, wakati kile kiboksi kilikuwa kinamaliza pawabenki kabla ya asubuhi, na umeme wetu wa kukatika unaujua.

Haimaanishi iko salama kila upande. Haidrojeni inaidanganya nayo. Ina umri, kuanzia miaka 5 hadi 10 kutegemea ilivyotengenezwa, na mgongoni imeandikwa mwaka wa kuibadilisha. Nimeshaziona kwenye mitumba zimekuja na vyombo vya jikoni kutoka Ulaya, mwaka umeshapita zamani, muuzaji anabonyeza kitufe cha majaribio inalia, mteja anatoa hela. Kile kitufe kinapima betri na spika. Seli inaweza kuwa imekauka kabisa na kitufe kikalia vizuri tu.

Kingine kwenye alamu ya dukani ambacho kijana hakukijua ni muda. Yeye alikuwa kaweka namba moja, ikivuka inalia. Kiwango cha Ulaya cha EN 50291 hakiendi hivyo, kwenye ppm 50 alamu inatakiwa ilie kati ya dakika 60 na 90, kwenye 100 kati ya dakika 10 na 40, kwenye 300 ndani ya dakika 3. Mwili unajaa taratibu, ndo sababu, gesi kidogo kwa usiku mzima ni sawa na nyingi kwa muda mfupi, na ikiwa inalia kwa kila mpishi anayepita na jiko mlangoni wenyewe wataichomoa betri. Nyumba ile walikuwa wameshakichomoa kile kiboksi mara kadhaa.

Mahali pa kuitundika napo walikuwa wamebishana, mama mwenye nyumba alisema chini karibu na sakafu kama alivyoona kwa mtu mwenye gesi ya mtungi. Gesi ya mtungi ni nzito inashuka, hiyo sawa. Monoksaidi uzito wake na hewa ni karibu sawa, 28 kwa 29, inachanganyika, kwa hiyo iwe chumbani wanakolala, usawa wa kichwa kitandani, sio juu ya jiko na sio nyuma ya kabati. Bibi aliposikia habari za uzito akasema kwao Rungwe kuna mabonde madogo ambako ndege na wanyama wanakufa wenyewe, kijana akaniuliza kama na pale kiboksi kitafaa. Hakifai. Ile ni kaboni daioksaidi inayotoka ardhini, eneo la volkano, hadi kuna inayovunwa kibiashara, ni nzito kuliko hewa inajaa bondeni, na imeshaungua tayari haina tena hamu na oksijeni kwa hiyo oksaidi ya bati haiioni. Hiyo inapimwa kwa infraredi, urefu wa wimbi mikromita 4.26, kitu kilekile kilichomo kwenye mashine ya wodini inayosoma pumzi ya mgonjwa aliyepewa nusu kaputi.

Na ni pumzi ndo ninayotaka watu wa vituo vya afya waifikirie. Seli ileile ya alamu ya ukutani ikiwekwa kwenye kifaa chenye mrija inakuwa kipimo cha ugonjwa, mgonjwa anabana pumzi sekunde 15 hivi, anapuliza, unasoma ppm, na kuna fomula rahisi ya kukadiria damuni, kwenye ppm 60 za pumzi unazungumzia kama asilimia 10 ya hemoglobini imekaliwa. Vinatumika kwenye nchi nyingine kwenye kliniki za watu wanaoacha sigara. Hamna damu, hamna maabara. Niliposema hivi kwa manesi fulani mmoja akanipinga papo hapo, na alikuwa na haki, bibi aliyezimia anabanaje pumzi? Habani. Ila yule mtoto wa miaka 9 alikuwa anaongea, angepuliza yeye. Walilala chumba kimoja, walivuta hewa moja, pima anayeweza kupuliza na umewapima wote. Usiniambie huyo mtoto anavuta sigara. Kwa mtu mzima inabidi uulize, maana mvutaji anaweza kuwa na asilimia 5 hadi 10 siku zote, na mama anayeshinda kwenye moto wa kuni naye hatosoma sifuri, na mwenye tumbo linalotengeneza haidrojeni kwa kutosaga maziwa ataipandisha namba kwa uongo. Bado ningeweka hela yangu ya kwanza hapo, kifaa kimoja kituoni kinasaidia kata nzima, kuliko alamu moja kwenye nyumba moja ambayo betri yake itahamia kwenye rimoti.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuwaambia watu wasiingize jiko ndani, mwisho wa habari. Waje wakae Uyole mwezi wa saba kwenye chumba chenye kioo cha boksi halafu waniambie. Pale nyumbani mwenye nyumba aliweka vioo na kutoboa matundu juu ya mlango, bibi akanunuliwa blanketi zito, na jiko halivuki kizingiti tena, angalau mama anavyosema.

Kijana kahamia kwenye seli ya kielektrokemia, kaongeza saketi ya kukuza ule mkondo mdogo, na programu yake sasa inajumlisha muda na sio namba tupu. Kalibresheni bado, inahitaji mtungi wa gesi iliyopimwa na kuandikiwa kiwango, sio jiko la mkaa na macho ya kuchungulia dirishani. Watu mtaani wameshaanza kumwekea oda. Tumekubaliana hauzi hata kimoja kabla ya huo mtungi, na kiboksi kimebandikwa karatasi imeandikwa MAJARIBIO kwa kalamu nene. Kiko chumbani kwa bibi pembeni ya alamu ya dukani, na kila siku kijana anaandika kwenye daftari vyote viwili vinasomaje. Vikitofautiana tunaifuata ya dukani.